Kurudisha Bakuli Port Vila

Mimi ni mtu wa kochi. Tunakaa Toongabbie, pembezoni mwa Sydney, karibu na stesheni, na kama si kazi ya ghala kule Villawood ningemaliza mwezi mzima bila kuvuka barabara. Kwa hiyo siku niliyomwambia mke wangu kwamba nataka turudi kwenye meli ya utalii, aliweka mwiko chini akanigusa shingo kwa mgongo wa mkono.

"Baba watoto, una homa?"

"Sina."

"Safari ile ulitapika kutoka Sydney mpaka kisiwani. Ukaapa mbele ya Mungu na abiria wote."

Kweli niliapa. Lakini kulikuwa na lile bakuli.

Safari hiyo ya kwanza meli ilisimama siku moja Port Vila, bandari ya kisiwa hicho. Mke wangu akaenda kuogelea na wenzake wa kazini. Mimi nikaingia sokoni kutafuta kivuli tu. Mama mmoja muuza chakula aliniona nilivyosinyaa, akanikalisha kwenye benchi, akanipa muhogo uliokunwa na kupikwa kwa tui la nazi ndani ya majani. Ndicho chakula cha kwanza kilichokubali kukaa tumboni. Sijamaliza, meli ikapiga honi. Akanijazia bakuli la plastiki la kijani lenye mfuniko, akanisukuma niwahi. Tulielewana kwa Kifaransa, chake cha kisiwani, changu cha sekondari ya kambi ya wakimbizi Kigoma.

Sasa, kwetu chombo cha mtu hakikai, na hakirudi kitupu. Jirani akikuletea maharage, bakuli lake linarudi na chochote. Kule kambini mama yangu aliwahi kurudisha sahani ikiwa na kitunguu kimoja, na akatembea nayo kichwa juu. Mimi bakuli la watu likanikalia kabatini. Nikifungua nichukue kikombe, lipo. Nikalipandisha juu ya friji. Nikalipeleka gereji. Nikalirudisha jikoni, maana gereji kuna buibui, na bakuli la mtu halilazwi na buibui. Siku mke wangu alipotia humo sombe, ile ya majani ya muhogo tuliyoyanunua Cabramatta, nilishindwa kula. Binti yetu, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, akashauri nilitume kwa posta.

"Posta!" mama yake akacheka. "Na karanga za kulijazia, baba yako atazibandika stempu?"

Basi tukaenda. Nilitapika kama kawaida. Karanga nilikuwa nimezikaanga mwenyewe nyumbani, bakuli limejaa hadi mfuniko unagoma kufunga. Asubuhi ya kufika nilikuwa mbele kabisa ya foleni ya kushuka, nimelikumbatia. Mlangoni dada wa meli akakagua mifuko: chakula hakishuki kisiwani. Mimi, niliyenyang'anywa dagaa uwanja wa ndege siku ya kwanza kabisa kuingia Australia, sikuwaza kwamba watu wa visiwa nao wana mashamba ya kulinda na wadudu wa nje. Nilidhani sheria za namna ile ni za Wazungu.

"Tule au tutupe," mke wangu akasema. "Chagua."

Nitupe karanga nilizokaanga? Tukasimama pembeni tukatafuna. Mke wangu akawagawia wazee waliokuwa foleni. Walidhani ni huduma ya meli, mmoja akauliza kama kuna za pilipili. Nikashuka na bakuli tupu, jasho likinitoka.

"Nunua sukari," mke wangu akasema. "Hajazaliwa mtu wa kuchukia sukari."

Duka la kwanza lilikuwa na kofia na sumaku za friji. La pili vilevile. Tulipoipata sukari jua lilikuwa limeshageuka, nikaimimina palepale dukani, nyingine ikaingia kwenye viatu. Sokoni, kila mama aliyevaa gauni la maua alikuwa yeye, mpaka nikimkaribia.

"Na kama ameacha biashara?"

"Nyamaza, mama watoto."

"Nauliza tu. Utahamia hapa?"

Tukamkuta mwisho wa safu, anakuna nazi. Nikasimama mbele yake na tabasamu nililolifanyia mazoezi tangu Sydney. Akaniuliza nataka sahani kubwa au ndogo. Nikamweleza: mimi ndiye yule mgonjwa wa meli. Akanitazama kwa huruma. Wagonjwa wa meli ni wengi. Basi nikaliweka bakuli mezani. Akaligeuza, akapitisha kidole kwenye ukingo uliowahi kuungua, akapiga kelele akimwita jirani yake aje aone: bakuli lake limerudi!

"Unaona," mke wangu akaninong'oneza. "Bakuli lina sura kuliko wewe."

Yule mama akafungua, akaiona sukari, akacheka, akaimwaga kwenye kopo lake. Nikashusha pumzi. Kumbe mapema. Akalisuuza bakuli, akafunua majani, akaanza kulijaza muhogo.

"Hapana, mama, nimeshiba!"

"Usithubutu kukataa chakula cha mtu," mke wangu akasema.

"Nikilichukua itabidi nirudi tena."

"Ndiyo," akasema, na nikaona macho yake yameshaanza kupanga masanduku.

Honi ya meli ikalia. Nikalipokea bakuli kwa mikono miwili, nikakaa kwenye benchi, nikaanza kula.

"Unafanya nini? Meli hiyo!"

"Nakula."

Muhogo ulikuwa wa moto, ukanichubua kaakaa. Nilipokaribia chini yule mama akanyoosha mkono aniongeze. Nikafunika bakuli kwa kiganja. Akanitazama, akamtazama mke wangu anayerukaruka na saa yake, akacheka mpaka akashika meza. Nilipomaliza nililiweka upande wake, mbali na mimi. Akalichovya kwenye ndoo, akalipindua juu ya mengine.

Mke wangu alikuwa ameshatangulia, viatu mkononi, akiutukana ukoo wangu wote. Nikamkimbilia. Mikono ilikuwa mitupu, sijui niiweke wapi.