Mwalimu Etyang na Besi za Foleni

Mwalimu Etyang hajawahi kufundisha shule. Kazi yake ni kushughulikia karatasi za malori hapa mpakani Malaba, lakini sisi wanakwaya tunamwita Mwalimu, na Mungu azidi kumtunza. Mimi niliishia darasa la saba. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma do-re-mi ubaoni. Akatueleza pia muziki huu ulikotoka: watawa wa Ulaya waliimba sauti moja tu kwa miaka mingi sana, bila kinanda. Baadaye wakathubutu kuongeza ya pili. Vizazi vikapita ndipo zikawa nne, halafu vinanda vikubwa, halafu fidla nyingi zikijaza ukumbi.

"Hawakuamka siku moja wakakuta umeiva," husema.

Mwaka jana wazee wa kanisa walichoka nasi. Mwenyekiti, Mama Carolyne, hakuficha. "Nyimbo zenu zinalaza watu. Pentekoste tunawapima mara ya mwisho. Mkishindwa, vijana wa kinanda cha umeme wachukue nafasi."

Shida yetu ilikuwa besi, zile sauti nzito za wanaume: hatukuwa nazo. Mwalimu akaenda kuzitafuta kwenye foleni ya malori, iliyokuwa ndefu wiki hizo, akarudi na dereva Simiyu na wenzake. Wanaume hao wakifungua mdomo, benchi linatetemeka! Kila jioni walikuja na ndala zao, tukaimba sauti nne mpaka machozi yakanitoka.

Asubuhi ya Pentekoste Simiyu akatokea mlangoni mbio.

"Mwalimu, karatasi zimetoka! Tunavuka saa hii."

"Zimetoka? Nani amezitoa?"

"Si ni wewe, boss! Ulisema utatuharakishia."

Mwalimu akashika kichwa. "Yaani nimefukuza besi zangu mwenyewe." Lakini akampa mkono, akamwombea safari njema. Dereva ana watoto wanaomngoja, utamzuiaje?

Vivianne, mwenzangu wa sauti ya alto, akanong'ona, "Tuimbe tu hivyo hivyo bila besi. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," Mwalimu akasema. "Funikeni hiki kinanda chetu. Tunarudi mwanzo, kwa watawa. Zaburi, sote sauti moja, polepole. Kila mtu amsikilize jirani."

Tukaanza kwa woga. Ubeti wa pili nikasikia nyuma kunavuma: waumini walikuwa wameingia kwenye wimbo. Sauti ni moja, wangeshindwaje kuifuata? Kina mama waliotoka vijiji vya Bukhayo, wenye maduka, watoto, wote. Hata yule mzee wa benchi la mwisho ambaye husinzia tangu somo la kwanza alikuwa amesimama.

Nje, baada ya ibada, Mama Carolyne alitujia akifuta macho.

"Leo sikuona aliyelala. Hata mimi nimeimba."

"Kwa hiyo tunabaki?" Mwalimu akauliza, kofia mkononi.

"Mbaki, baba. Lakini zile sauti nne mlizojivunia?"

"Jumapili ijayo tunaongeza ya pili. Watawa walingoja miaka mia kadhaa, Mama. Wewe tunakuomba wiki moja tu."

Hiyo ya pili tulipewa mimi na Vivianne, na mpaka leo namshukuru Mungu kila ninapofungua mdomo kuiimba.