Damu Nyeupe

Kwanza nilisikia kandambili. Zilipiga sakafu ya hospitali pa, pa, pa, kwa hasira ambayo kandambili hazikuumbiwa, ndipo mama mdogo akatokea kwenye kona ya korido, daktari akimfuata nyuma.

Moyo wa mume wake, baba yangu mdogo, ulikuwa umesimama ghafla dukani kwake Kaloleni. Majirani wa duka wakamkandamiza kifua mpaka ukakumbuka kazi yake. Hospitalini wakamwingizia dawa ya kuonyesha mishipa ya moyo kwenye picha, na kwa kuwa hakuamka, wakampiga picha ya kichwa. Ubongo ulionyesha weupe. Daktari alituambia kwa upole kwamba huenda damu imevuja, na tumaini ni dogo. Baba mkubwa, kaka wa mgonjwa, akasema basi mashine ya kupumulia itolewe, tumrudishe kijijini Nkoaranga akafie kwake.

“Damu ya mume wangu ni nyekundu,” mama mdogo alisema. “Hiyo nyeupe sijui ya nani. Hatoki mtu hapa.”

Daktari akaeleza kuwa kwenye picha zile damu huonekana nyeupe. Baba mkubwa akamsihi shemeji yake asitutie aibu mbele ya wasomi. Mama mdogo akaketi mlangoni pa wodi kama gunia lililokosa gari, akadai picha nyingine.

Kesho yake wakapiga. Weupe ulikuwa umeyeyuka kama ukungu mlimani jua likipanda. Daktari akakiri: ilikuwa ile dawa ya moyo, imepenya kichwani, nayo pia huonekana nyeupe, damu haiondoki upesi hivyo.

“Nilisema,” mama mdogo akajibu.

Daktari akafungua mdomo amweleze kwamba sababu yake bado haikuwa sahihi, akamtazama usoni, akaufunga.

Baada ya siku chache mgonjwa aliamka. Tulilia, tukacheka, tukaomba. Baba mkubwa peke yake alikuwa hatulii.

“Shikamoo kaka,” mgonjwa akasema kwa sauti ya kukwaruza. “Migomba yangu inaendeleaje?”

“Marahaba. Nilikata michache tu, mdogo wangu. Tulihitaji pa kusimamisha turubai.”

“Turubai la nini?”

Nilitazama dirishani.

“Ilikuwa na mikungu?”

Baba mkubwa akachukua kofia yake, akasema mgonjwa lazima apate uji, anautafuta sasa hivi, na mlango ukafungwa nyuma yake.