Mabati ya Kinu cha Kahawa

Kila nikisikia harufu ya kahawa ikikaangwa, nakumbuka kinu cha zamani cha kukobolea kahawa kilivyobomolewa pale Ngara ili lijengwe soko. Nyuma ya nyumba yetu, mama mmoja mkimbizi alikuwa amejifungua ndani ya kibanda cha nyasi kilichovuja.

Bibi yangu alimwendea msimamizi wa ubomoaji.

"Nipe mabati mawili."

"Yana matundu, bibi."

"Kwanza nisalimie."

"Shikamoo."

"Marahaba. Mimi nina mapengo, na nyama natafuna."

Akapewa manne. Matundu tukayaziba kwa ulimbo, tukakiezeka kile kibanda. Mvua iliponyesha, mama yule alimpapasa mwanawe, akamkuta mkavu, akalala.

Siku hizi nawahubiria wanafunzi wa chuo kwamba majengo ya kale yasiguswe. Lile moja la kinu, namshukuru aliyelibomoa.