Mabati ya Upande wa Jirani

Juzi dukani hapa Nakuru nilisimama nyuma ya mzee mmoja aliyeomba mabati sita.

"Nyumba yako ni ndogo hivyo, mzee?" mwenye duka akauliza.

"Si ndogo. Nataka kuezeka upande mmoja tu."

"Ule unaovuja?"

Mzee akapangusa kaunta kwa kiganja, polepole. "Unaovuja ni wa nyuma. Nataka huu unaotazamana na jirani. Ameng'oa madebe ya zamani paani, ameweka mabati mapya. Sasa mke wangu anakwenda kukinga maji ya mvua kwake, na akirudi anamsifu mpaka chakula kinapoa."

"Na huko nyuma kunakovuja?"

"Huko tutaendelea kuweka sufuria. Jirani hakuoni."

Tulicheka, na mzee hakuona cha kuchekesha. Alifunga mabati yake kwenye mkokoteni, ule uso unaong'aa ukiwa juu, akaenda.

Zamu yangu ilipofika niliomba kopo moja la rangi nyeupe. Mwenye duka akaniuliza kama litatosha nyumba nzima.

Nikalipa. Kutoka kwa jirani yangu unaonekana ukuta mmoja tu.