Hapana Rudi Nyumbani

Kathure alijua kusoma kabla ya wanawake wenzake wote wa mlima wa kwao, na aliyemfundisha ni mumewe. Muthamia alikuwa mwalimu katika mojawapo ya zile shule ambazo watu wa Meru walijijengea wenyewe, kwa miti yao na mabati yao, bila kumngoja mmisionari. Alasiri, watoto wakishatawanyika, alirudi nyumbani akachuchumaa uani na kuchora herufi mchangani kwa kijiti, huku Kathure akichambua maharagwe na kuzifuata kwa macho. Herufi zenyewe hazikumsumbua. Kilichomchosha ni vile vidoa vidogo vilivyokaa kati ya maneno.

"Hivi vya nini?" aliuliza siku moja. "Havisomeki."

"Hivi ndiyo sauti yangu," Muthamia akamjibu. "Nikiwa mbali, karatasi haitakuonyesha kama nimenuna au nacheka. Hapa penye mkato ninavuta pumzi. Hapa penye nukta nimemaliza. Ukiviruka utanisikia vibaya."

Kwa jambo hilo hakuwa na mzaha. Mwanafunzi akisoma mbio na kuupita mkato kama hajauona, alirudishwa mwanzo wa mstari, hata kama ni wakati wa kwenda nyumbani. Kathure alimcheka kwa ukali huo, lakini yeye pia alijifunza.

Kisha serikali ya wakoloni ikatangaza Hali ya Hatari. Zile shule zilifungwa, na asubuhi moja walimu wakapakiwa kwenye lori pamoja na wazazi waliokutwa njiani. Makandi, binti yao, alikuwa bado ananyonya. Haukupita muda mrefu watu wakaamriwa kuyaacha makazi yao ya zamani na kuhamia kijiji kimoja kilichobanana, kilichozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Handaki hilo lilichimbwa na wanawake. Kwenda shambani kulikuwa kwa saa maalumu, na kwenda sokoni kwa kibali.

Mmoja wa askari wa kijiji aliitwa Mwirigi. Walikua pamoja na Kathure, wakichunga mbuzi malisho mamoja. Makandi alipougua kifua, Mwirigi alimruhusu Kathure aache kuchimba kabla ya wenzake ili ampeleke mtoto zahanati, na mara nyingine alimletea unga. Hakudai kitu. Lakini kijiji kilichofungiwa hakina kazi nyingine zaidi ya kuangalia nani ameingia kwa nani, na maneno yakaanza. Yalivuka handaki, yakavuka mto, na kwa njia ambayo Kathure hakuijua kamwe, yakafika hadi kambi ya nyikani alikozuiliwa Muthamia.

Barua yake ilikuja ikiwa imepita mikononi mwa wengi, mistari mingine imefutwa kwa wino mweusi. Iliandikwa kwa Kiswahili kwa sababu kambini hawakuruhusu lugha ambayo wakaguzi hawakuielewa. Kathure aliisoma polepole, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Nimesikia umeolewa na Mwirigi. Ni kweli? Kama ni kweli niambie, nisirudi kukusumbua."

Alama ya kuuliza ilikuwa imekandamizwa kwa nguvu hata kalamu ikatoboa karatasi. Kathure aliweka kidole juu ya kile kitundu akalia.

Siku ya soko alipata kibali cha kwenda mjini, soko la Gakoromone. Hakuthubutu kujibu mwenyewe. Kiswahili chake cha kuandika kilikuwa kibovu na barua mbovu zilisemekana kutupwa. Akaenda kwa Idrisi, Mwislamu mwenye duka la chumvi na sukari karibu na msikiti, mtu mpole aliyewaandikia wengi barua zao. Idrisi alizaliwa pale pale mjini, lakini babake alikuwa amemlea kwa Kiswahili safi, na alijivunia hilo.

"Haya, mama Makandi," alisema, akichovya kalamu. "Sema."

Kathure alisema. Alichanganya Kimeru na Kiswahili, mikono ikienda huku na huku. "Mwambie hapana! Ni uongo! Mwambie arudi nyumbani kwake. Mwambie kila nikilala ninamwona. Mwambie Makandi ameota meno, anacheka kama yeye. Mwirigi ni mtu wa kunisaidia tu, hajawahi hata kukaa kwenye kiti changu."

Idrisi aliweka kalamu chini. "Mama, sikiliza. Barua hii itasomwa na mzungu na karani wake kabla haijamfikia mwenyewe. Ukimtaja askari wao wataifuta. Ukilia ndani ya barua watasema unamchochea mumeo. Tuandike maneno makavu, machache, yapite."

"Lakini atanisikia?"

"Mumeo ni mwalimu. Atakusikia."

Akaandika, kisha akamsomea kwa sauti yake nzuri ya taratibu: "Barua yako nimepata. Mtoto ni mzima. Habari uliyosikia nimeielewa. Hapana... rudi nyumbani. Ni mimi Kathure."

Alipofika penye "hapana" alitua, akatikisa kichwa kama mtu anayekana jambo, ndipo akaendelea. Kathure aliusikia mtuo ule na roho yake ikatulia. Hakuitazama karatasi. Kama angeitazama angeona kwamba Idrisi, aliyezoea kuandika mbio wateja wakimngoja, hakuweka mkato wowote.

Muthamia hakuandika tena. Kathure alituma barua nyingine, na nyingine. Akaambiwa mfungwa amehamishwa, akaambiwa angoje. Alingoja. Miaka ikaenda, masharti ya kijiji yakalegezwa, watu wakaanza kurudi mashambani. Wanaume walirudi pia, wakishuka barabarani na vifurushi vyao, wengine wakiwapita wake zao bila kuwatambua. Kila lori liliposimama Kathure alitoka nje. Makandi, ambaye sasa alikuwa msichana wa kutumwa maji, alijifunza kutouliza.

Habari aliletewa na Munyi, mfanyabiashara wa maharagwe aliyezunguka kati ya Embu na Meru. "Mwalimu nimemwona," alisema, bila kumwangalia usoni. "Yuko Manyatta, kule Embu. Anapasua mbao. Ni mzima."

Kathure alipanda basi la Embu bila kumwambia mtu. Manyatta alionyeshwa nyumba ndogo ya udongo, na mlangoni akapokewa na mwanamke kijana mwenye mimba kubwa. Jina lake lilikuwa Rwamba. Kimeru na Kiembu ni lugha jirani, walielewana. Rwamba hakujua mgeni ni nani. Alimpa kiti, akamletea uji, akamwambia baba wa nyumba anakuja sasa hivi.

Muthamia aliingia na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alipomwona, alishika mwimo wa mlango.

"Umefuata nini?" aliuliza.

"Wewe."

"Uliniambia nisije."

"Mimi?"

Muthamia hakuhitaji karatasi. Barua ile aliisoma kambini mpaka ikachanika kwenye mikunjo, na maneno yalimtoka kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. "Mtoto ni mzima. Habari uliyosikia nimeielewa. Hapana rudi nyumbani." Aliyatamka kwa pumzi moja, vile askari wa kambi walivyompigia kelele za kukataza kila siku: hapana simama, hapana lala, hapana ongea. "Hata salamu hukuniwekea, Kathure. Hata neno moja la kuniliwaza. Nikajiuliza, ni nani anamwandikia mume wake hivi, kama si mtu aliyekwisha maliza?"

Kathure akasema, akitua pale Idrisi alipotua: "Hapana. Rudi nyumbani."

Muthamia alimtazama. Midomo yake ilisogea akirudia yale maneno kimya kimya, mara kwa njia yake, mara kwa njia ya Kathure. Halafu akaketi sakafuni.

"Nilikufundisha mimi mwenyewe," alisema. "Nilijua usingeuacha. Nikasema, mke wangu anajua mkato unakaa wapi. Kama hakuuweka, basi hakuutaka."

"Haikuwa mkono wangu. Niliandikiwa."

"Sikuutazama mkono. Nilitazama maneno."

Rwamba alikuwa amesimama nyuma na bakuli tupu. Alikuwa ameelewa. Hakulia wala kugomba. Alishika tumbo lake tu, akawaangalia wote wawili kama mtu anayengoja kuambiwa aende wapi. Muthamia alimwona, akainamisha kichwa, kisha akamgeukia Kathure.

"Nirudi?"

Safari hii hakukuwa na mwandishi kati yao. Kathure alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limekaa ulimini kwa miaka. Alimtazama Rwamba, na miguu yake iliyovimba.

"Usirudi, baba Makandi," akasema. "Huyu naye utamwacha kwa nani?"

Alipofika Meru alipitia dukani kwa Idrisi akamweleza yote. Idrisi alikataa kuamini. "'Hapana rudi' si Kiswahili, mama! Ningetaka kumwambia asirudi ningeandika 'usirudi'. Nani anaweza kusoma..." Hapo akanyamaza, maana nje ya duka askari wa soko alikuwa akiwafukuza wauza ndizi. "Hapana kaa hapa! Hapana weka hapa!" Idrisi alisikiliza mpaka askari akapita. Aliziba uso kwa viganja vyake, na Kathure akaondoka akimwacha hivyo, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kumbembeleza mtu mwingine.

Mwirigi alituma wazee kumposa baadaye. Kathure aliwapa chai, akawarudisha. Alilima kahawa, akamsomesha Makandi, na likizo akamruhusu aende Manyatta kumwona babake na wadogo zake.

Muthamia hakuzeeka. Kifua alichotoka nacho kambini kilimla polepole, na alipofariki, Rwamba alimtuma Munyi amwite Kathure. Alimtengea nafasi ya kusimama kando yake pale kaburini, na ulipofika wakati wa kutupa udongo alimsogeza mbele atangulie.

Kwenye basi la kurudi Makandi alimuuliza mamake kama alikuwa bado anampenda baba. Kathure alimwambia afunge dirisha, vumbi linaingia.