Gego Fupi

Kazini dada yangu anaitwa Mama Nguruwe, na jina limekolea mpaka muuza duka wa mtaani kwetu naye anamwita hivyo. Mwenyewe hucheka. Mimi hunikera. Kazi yake ni kusoma meno ya nguruwe wa kale yaliyogeuka mawe, katika chumba cha chini cha jumba la makumbusho, kisicho na dirisha. Aliajiriwa akiwa msichana, kwa ahadi kwamba atapelekwa kuchimba. Tangu hapo wamempiga danadana, na hajawahi kuona mfupa ukitoka ardhini.

Wachimbaji wakipata zana za mawe, zenyewe hazisemi umri wake. Basi humletea dada meno yaliyolala nazo kwenye udongo uleule. Nguruwe wale, kadiri zama zilivyopita, gego lao la mwisho lilizidi kurefuka. Refu ni la karibuni, fupi ni la zamani mno. Dada akishalipima, hukwambia zana ni za enzi gani.

Mwaka huu nafasi ikapatikana kambini kwa wachimbaji. Mkuu wake akamwambia, "Malizia sanduku hili moja tu, mama, halafu ufunge virago." Dada akanunua kofia pana, akawa anapikia nayo jikoni. Tulimtania mpaka basi.

Kisha akaja kwangu amenyong'onyea. "Mafupi, mdogo wangu. Mafupi kuliko yote niliyowahi kushika."

"Sasa ubaya uko wapi?"

"Wakijua pale ni pa kale hivyo, watachimba miaka na miaka. Meno yote hayo ataletewa nani?"

"Si useme yalisombwa na mto kutoka kwingine? Hapo hayasemi lolote kuhusu zana."

"Jino la kusombwa hulika kingo, mdogo wangu. Haya bado yanakata kidole."

"Nani atajua?"

"Na huko nitakwenda kuchimba nini, uongo?"

Nilimwita mjinga, tena kwa sauti.

Akasema kweli. Mkuu alimpigia makofi mbele ya wote, kisha akamweleza kwa upole kwamba lori la masanduku mengine liko njiani, na hana mwingine wa kumwamini. Nafasi ya kambini akapewa mpiga picha.

Jumatatu wakamletea kiti kipya cha kuzunguka, chenye mto wa mgongo. Alinipigia simu akiwa amekikalia. "Kizuri sana," akasema, akaanza kulia.