Kengele Iliyolia Mara Moja

Ukiwauliza ndugu zetu mama mdogo anafanya kazi gani, watakujibu "kompyuta," basi, kama vile kompyuta ni duka na yeye anauza humo ndani. Ndiyo maana huitwa kila printa inapomeza karatasi, kila redio inapokoroma, na kuna siku aliletewa pasi. Hakubishana. Aliigeuzageuza, akasema, "Hii imekula kutu, mpelekeeni fundi wa pasi," halafu akarudi chumbani kwake uwani, akavaa hedifoni zake na kuendelea na yake.

Kazi yake hasa ni kujenga madaraja, na si ya zege. Mimi nilimwelewa likizo ilipokaribia kwisha, tena nikiwa nalala nyumba moja naye, kwa Bibi, mama yao yeye na mama yangu. Alinieleza kwamba simu, huko ndani kabisa, imeandikwa kwa lugha ya zamani, kali, isiyosamehe. Siku hizi watu wanaandika programu zao kwa lugha mpya zenye tahadhari nyingi. Lugha hizo mbili hazisikilizani. Anayetaka kugusa kitu cha ndani ya simu akiwa upande wa lugha mpya anahitaji mtu wa katikati, aliyekaa akaandika jambo kwa jambo: huku ukisema hivi, kule maana yake ni hivi, huku ukitoa namba ya ukubwa huu, kule ipokewe kwa ukubwa huohuo. Huyo mtu wa katikati ndiye mama mdogo.

"Nikikosea kidogo tu," aliniambia, "hakuna anayenigombeza. Kitu kinakufa kimyakimya, na mwenye simu anasema amepewa simu mbovu."

Anafanya kazi amesimama, kompyuta ikiwa juu ya cherehani ya Bibi isiyotumika tena. Programu ikigoma anaisemesha kama mtoto aliyerudi kutoka kucheza analia: "Haya, niambie, nani kakupiga?" Chai yake hupoa pembeni mpaka inaota ngozi, halafu anainywa hivyohivyo na kuisifia.

Likizo hiyo alikuwa na kazi ambayo hakuna mtu aliyemtuma. Bibi alikuwa ameanguka akavunjika nyonga, akapasuliwa, akarudishwa nyumbani. Akili ilirudi ileile, kali kama wembe, ila miguu ilikuwa haimsikilizi, na sauti ilirudi ndogo, kama ya mtu anayesemea ndani ya mto. Chumba cha Bibi kiko mbele. Cha mama mdogo kiko uwani. Nyuma ya ukuta wa ua kuna seremala mwenye mashine ya kuranda isiyojua mapumziko. Bibi akiita, aliyesikia ni paka, na paka mwenyewe haji.

Mjomba, kaka yao mkubwa anayeishi mji mwingine, akatoa hukumu kwenye simu: Jumapili anakuja kumchukua Bibi akaishi kwake, ghorofa ya tatu.

"Kwangu kuna watu saa zote," alisema.

"Nikakwee ngazi na nyonga hii, nifike juu nikakodolee ukuta wa jirani?" Bibi alijibu. "Niacheni kwangu. Hapa hata nikiwa kitandani najua nani kapita njiani na anakwenda wapi."

Walivutana wiki nzima. Mwishowe mjomba akalegeza kamba kidogo: kama mama mdogo ataweza kufanya mpango ambao Bibi akiita mtu anafika, kila akiita, basi Bibi atabaki. Asipoweza, safari ipo palepale.

Basi mama mdogo akatafuta simu yake ya zamani yenye kioo kilichopasuka, akaiunganisha kwa waya na kitufe kikubwa chekundu, upana wa kisosi, alichopewa na seremala kutoka kwenye mashine iliyokufa. Nikamuuliza kwa nini asimpe Bibi simu apige tu.

"Umeona vidole vyake vinavyotetemeka? Kioo hakimwelewi. Hiki hata akikipiga kiwiko kitakubali."

Sehemu iliyonifurahisha zaidi ni jinsi ile simu inavyosubiri. Ndani ya programu, alisema, mna nyuzi, na kila uzi ni kama mfanyakazi mmoja. Uzi unaosubiri kitufe una mzunguko wake: unalala, unaguswa, unaamka, unafanya kilichouamsha, unarudi kulala.

"Kwa hiyo ni mlinzi anayelala kazini," nikasema.

"Kwa ruhusa. Akikaa macho anauliza 'kimebonyezwa? kimebonyezwa?' atamaliza betri kabla ya chakula cha mchana. Huyu unamwonyesha mlango wa kuulinda, unamwambia ukigongwa amwite nani, halafu unamwacha alale. Na kila uzi una mlinzi wake. Huwezi kwenda kumuazima wa uzi mwingine, hata kwa heshima gani."

Yule mlinzi yuko upande wa lugha ya zamani. Programu ya mama mdogo ilikuwa upande wa lugha mpya. Daraja alilokuwa analijenga lilikuwa la kwenda kwa mlinzi.

Nilimwona akilijaribu. Anaiwasha programu, anabonyeza kitufe, simu yake ya mfukoni inalia. Anatabasamu, anarekebisha kitu, anaiwasha upya, anabonyeza, inalia. Ilikuwa hivyo siku nzima, mpaka paka akahama. Ijumaa alikipigilia kitufe pembeni mwa kitanda cha Bibi na kumpigia mjomba simu. "Kaka, njoo Jumapili kama mgeni. Hutaondoka na mtu hapa."

Jumamosi asubuhi simu ikalia. Mama mdogo akatoka mbio na taulo, sijui lilikuwa la nini.

"Mbona umekuja kama zimamoto?" Bibi akamwambia. "Nataka chai tu."

Mchana nilitumwa sokoni. Niliporudi nikamkuta Bibi amekaa sakafuni, ameshika mguu wa kitanda, gauni limelowa. Alikuwa amejaribu kwenda chooni peke yake. Hakuwa ameumia, lakini hakutaka kuniangalia usoni. Nikakimbia uwani. Mama mdogo alikuwa amesimama kwenye cherehani yake, simu yake ya mfukoni iko mbele yake, haikuwa imelia.

Tulimwinua, tukamsafisha, tukamlaza. Ndipo mama mdogo akauliza, "Mama, mbona hukubonyeza?"

Bibi akakitazama kitufe. Akamtazama binti yake.

"Nilisahau," alisema.

Mama mdogo si mtu wa kuficha mambo, kwa hiyo alimweleza mjomba kila kitu. Simu ilikuwa kwenye spika, nikasikia. Mjomba hakufoka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mdogo wangu, umejitahidi. Lakini kama kitufe kiko pembeni mwake na anakisahau, jiko je? Mfungashie nguo."

Jumapili asubuhi mama mdogo alikuwa anamchana Bibi nywele, taratibu. Mimi nilikuwa nakunja nguo. Mashine ya seremala ilikuwa imenyamaza kwa mara ya kwanza tangu nifike, na chumba kizima kilionekana kikubwa.

"Mama," alisema mama mdogo, "siku yangu ya kwanza shuleni nilivaa nini?"

"Sketi ya dada yako, imekunjwa kiunoni mara mbili. Ukaenda unalia hadi getini, ukarudi unacheka."

"Hilo unalikumbuka. Kitufe cha jana ukakisahau."

Kitana kikasimama.

"Mama, ulibonyeza?"

"Ulikuwa umeshajitapa kwa kaka yako," Bibi alisema. "Ningesema kimegoma, angekucheka wewe na kazi yako. Afadhali anicheke mimi. Mimi ni mzee, kusahau nimeruhusiwa."

"Ulibonyeza mara ngapi?"

"Mpaka kidole kikaniuma, mwanangu."

Nilidhani mama mdogo atalia. Badala yake alikaa kitandani, uso umefunguka kama mtu aliyepokea mgeni wa siku nyingi.

"Ukinificha kosa langu, Mama, unanifungia mlango nikiwa nje. Nielezee tangu mwanzo. Asubuhi?"

"Asubuhi nilibonyeza ukaja na taulo. Baada ya hapo nikabonyeza, hola. Kilikubali cha kwanza, halafu kikanuna."

"Cha kwanza tu."

"Cha kwanza tu."

Mama mdogo akainuka, akatoka na kitana mkononi. Bibi akabaki nywele upande mmoja zimesimama, upande mwingine zimelala. "Haya, nenda kamwangalie," akaniambia, "mtu asiondoke na kitana changu bure."

Nilimkuta ameshafika pale penye kosa. Lilikuwa namba moja. Namaanisha namba moja tu, na namba yenyewe ilikuwa sifuri.

Mlinzi yule, alinieleza huku anaandika, akishakuamsha na ukafanya kazi yako, anakusubiri umjibu. Ukimjibu moja, maana yake endelea kuniamsha. Ukimjibu sifuri, maana yake basi, mlango huu usinijulishe tena. Sasa, katika lugha ile ya zamani, sehemu nyingi mtu akimaliza kazi salama hujibu sifuri: hakuna kosa, mambo shwari. Mkono wa mama mdogo umeizoea sifuri hiyo kwa miaka. Bibi alibonyeza, programu ikapiga kengele, ikamjibu mlinzi kwa adabu zote "mambo shwari," na mlinzi akaelewa ameachishwa kazi. Akafuta mlango, akalala moja kwa moja.

"Lakini ulijaribu siku nzima," nikasema.

"Na kila nikibadilisha kitu niliiwasha upya. Kwangu kila mara ilikuwa mara ya kwanza." Akacheka peke yake. "Sijawahi kubonyeza mara mbili. Mtu mzima na akili zangu."

Nilidhani ataandika moja mahali pa sifuri amalize. Aliandika moja, akanituma kwa Bibi nikabonyeze, ikalia, nikabonyeza tena, ikalia, lakini yeye hakuishia hapo. Aliliondoa suala la namba kabisa katika daraja lake. Yeyote atakayelipita, alisema, atalazimika kumjibu mlinzi kwa neno, "endelea" au "acha," na asipolichagua neno programu itakataa kabisa kujengwa. Kule ng'ambo daraja lenyewe ndilo litakaloligeuza neno kuwa namba.

"Nani mwingine atalipita?" nikauliza.

"Simjui. Mtu yeyote mwenye mama yake." Akaliweka mtandaoni, mahali ambapo watu wa kazi yake huwekeana vitu vya bure, ndipo akarudi kumalizia nywele.

Mjomba alifika mchana na sanduku tupu. Mama mdogo hakumwacha hata akae. "Kaka, Mama hakusahau. Mimi ndiye niliyekosea, na yeye alinifichia." Akamweleza kuhusu mlinzi na sifuri. Mjomba alisikiliza akiwa na uso wa mtu anayesomewa maelezo ya dawa.

"Sijaelewa," alisema. "Nionyeshe."

Akabonyeza mwenyewe. Simu ya mama mdogo ikalia uwani. Akabonyeza tena, ikalia. Akatoka kuhakikisha hakuna mtu anayeipigia kwa kujificha, akarudi, akabonyeza, akasubiri, akabonyeza kwa ghafla kama anayetaka kuikamata inasinzia. Ikalia.

"Wewe, hiyo siyo ngoma," Bibi akamwambia.

Mjomba akaketi. Akalitazama sanduku, akamtazama mama yake.

"Kwa nini ulisema umesahau? Ningekuchukua, Mama, kwa neno lako mwenyewe."

"Ungenichukua, na ningekwenda. Lakini ningesema kweli, mdogo wako angebaki anajua kazi ya mikono yake imeharibika, na hajui wapi. Hilo sikulitaka." Akavuta shuka. "Sikujua kwamba kuambiwa kosa lake ndicho kitu anachokitaka."

Mjomba akatoa simu yake, akampa mama mdogo. "Na yangu ilie. Popote nitakapokuwa. Isipolia, au isipoitikiwa, narudi na sanduku."

"Isipolia nitakufungashia mimi," mama mdogo alisema.

Jua lilipoanza kupoa mjomba aliaga. Alikuwa ameshafika kwenye gari, ufunguo mkononi, simu yake ilipoanza kulia. Sijawahi kumwona mjomba akikimbia. Alipita getini, akapita sebuleni, akaingia chumbani anahema.

"Nini, Mama? Umeanguka?"

"Sijaanguka," Bibi alisema. "Umeniaga umesimama. Kaa kidogo."

Akakaa. Akavua viatu hata. Baada ya muda akapaza sauti mama mdogo amsikie huko uwani: "Na akiwa bafuni je?"

"Kitufe cha pili kiko mezani," mama mdogo akajibu. "Nimekijaribu mara moja tu, bado ya pili."